Jahazi la babu lina miaka mingapi?

Swali. Asalaam alaykum mzee wangu, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Mkokotoni, Unguja. Babu yetu alifariki mwaka jana akatuachia jahazi ambalo mpaka leo linafanya kazi: linabeba mchanga, mawe na makuti. Baba anasema lina miaka 90 na lilijengwa Lamu. Fundi tuliyemwita kulikalafati, yaani kuziba maungo yake kwa pamba, anacheka tu, anasema humo hamna ubao hata mmoja uliomzidi yeye umri. Sasa amekuja mtu wa hoteli anataka kulinunua, na anataka apewe "historia yake" kwa maandishi. Nitaujuaje ukweli? Na ikiwa mbao zote zimeshabadilishwa, hili bado ni jahazi la babu?

Jibu. Wa alaykumu ssalaam mwanangu, na marahaba. Mwenyezi Mungu amrehemu babu.

Baba yako na fundi wako wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Nimeingia ndani ya vyombo vingi vya namna hiyo, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na ugomvi wake karibu kila mara ni huu huu: mwenye chombo anahesabu tangu kiliposhushwa majini, fundi anahesabu mbao anazoziona. Basi kabla hujauliza miaka mingapi, uliza miaka mingapi ya nini. Mkuku, ule mti mkuu wa chini, una umri wake, mataruma, yaani mbavu zake, yana wake, mbao za ubavuni zina wake, na tanga lenyewe pengine halijatimiza hata miaka mitano.

Meli ya chuma haina taabu hii. Liemba ya Ziwa Tanganyika, kwa mfano, tunajua iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924, ikapewa jina la sasa 1927. Kuna karatasi za kiwanda, kuna michoro. Jahazi halina cheti cha kuzaliwa. Fundi aliyelijenga hakuchora ramani. Alikuwa na tezo, msumeno, keekee, uzi wa kupimia na jicho lake. Akimaliza aliondoka na ramani yake kichwani. Kilichobaki ni chombo chenyewe, watu waliokipanda, na karatasi chache kama zimesalimika. Nitakueleza namna ya kuvisoma vyote vitatu, na nitakaa zaidi kwenye chombo, kwa sababu chombo hakina haja ya kukufurahisha.

Anza na mkuku. Ngoja bamvua, siku maji yanapojaa zaidi, lipandishe jahazi juu kadiri maji yatakavyokubali, lipwelewe, kisha uingie ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa chombo, na tochi kabla maji hayajarudi. Toa farumi yote, yale mawe ya kulipa jahazi uzito. Najua ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini chini ya mawe ya farumi ndiko kulikojificha mambo ambayo hakuna mtu aliyeyapaka rangi wala kuyapamba. Piga mswaki mkavu juu ya mkuku, taratibu, usiukwaruze kwa chuma. Unatafuta mambo mawili: mahali mkuku ulipounganishwa, na matundu ya misumari.

Nikupe mfano. Miaka mingi nyuma nililala chali ndani ya ngama ya jahazi moja huko Mafia, tochi mdomoni, maji ya ndani yananinyemelea mgongoni. Penye taruma la nne kutoka mlingotini, kuelekea omo, mbele ya chombo, nikaona matundu ya safu tatu kwenye mkuku. Safu ya kwanza ilikuwa imezibwa kwa vijiti vya mti mwekundu, vikakatwa sawasawa na mkuku hata ukivipitishia kidole huvihisi. Safu ya pili ilizibwa kwa pamba na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kazi ya mtu mwenye haraka. Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa na misumari inayofanya kazi. Maana yake nini? Taruma pale limewekwa mara tatu. Mkuku ule ulikuwa umeshuhudia mataruma ya vizazi vitatu, na mafundi wasiopungua wawili, mmoja mpole na mmoja mwenye pupa. Yule mwenye chombo hakuwahi kusikia habari ya matengenezo ya kwanza. Aliyafahamu yale ya mwisho tu, kwa sababu aliyalipia yeye.

Sasa tazama misumari yenyewe. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pembe nne, na hakuna miwili inayofanana. Mafundi wetu huuzungushia uzi wa pamba uliorowekwa mafuta kabla ya kuupiga, ili maji yasipenye kichwani. Msumari wa kiwandani ni wa duara, umenyooka kama ulivyozaliwa. Boliti na nati ndiyo mambo ya juzi kabisa. Angalia na mikwaruzo ya msumeno upande wa ndani wa mbao, ambako randa haikufika. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini, huacha mistari iliyonyooka lakini haijipangi vizuri, kwa sababu watu huchoka. Msumeno wa mviringo wa kiwandani huacha mapinde, kama sehemu ya duara kubwa. Msumeno wa mashine unaoshikwa mkononi huacha makovu mabaya ambayo hata mtoto atayatambua.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Dalili ya upya inathibitisha upya. Dalili ya ukale haithibitishi ukale. Ukiona boliti, unajua kwamba sehemu ile haiwezi kuwa ya zamani sana. Lakini ukiona msumari wa kufuliwa na alama za tezo, hujapata ushahidi wowote wa miaka 90, maana mafundi wa pwani wameendelea kufua misumari na kuchonga kwa tezo mpaka zama zetu hizi. Nenda Nungwi, hapo mlangoni kwenu, ukawaangalie wanavyochonga. Ubao uliochongwa wiki iliyopita una sura ile ile ya ubao wa wakati wa Sayyid Khalifa, sultani wa zamani.

Mti nao una maneno. Mkuku mzuri hutengenezwa kwa mti mgumu kama mbambakofi au mvule. Mataruma hutafutwa kwenye miti iliyopinda yenyewe. Mlilana wa kwenye mikoko unapendwa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu fundi hapindi taruma, analikuta limeshapindwa na Mungu. Mbao za ubavuni siku hizi nyingi ni za mwembe, kwa kuwa mwembe upo na bei yake inaingilika. Mwembe hauna maisha marefu baharini. Kwa hiyo ikiwa ubavu wote ni mwembe, fundi wako kasema kweli, na cheko lake ni halali yake. Ukikuta msaji, usikimbilie kusema umetoka Malabar enzi za majahazi ya Bara Hindi. Msaji umepandwa na serikali huko Longuza karibu na Muheza, na Mtibwa upande wa Morogoro, na mbao zake zinafika pwani mpaka leo.

Kuhusu maneno ya kwamba lilijengwa Lamu. Kwa kawaida jahazi la Kilamu lina gubeti, ile ncha ya mbele, lililosimama wima, na lile la Unguja gubeti lake limelala mbele, kama linalonusa maji. Ukisimama pembeni, jahazi likiwa kwenye mchanga, jicho lako litakujulisha. Lakini umbo linataja shule ya fundi, halitaji pwani aliposimama. Mafundi wa Kibajuni walitembea. Wakati wa vita vya shifta kaskazini mwa Kenya, miaka ya 1960, watu wengi wa visiwa vya kaskazini mwa Lamu walihama kuelekea kusini, na ufundi wao ukahama nao. Nimeona chombo chenye umbo la Kilamu halisi, mwenyewe ananiapia kimetoka Matondoni huko Lamu, na kumbe kilijengwa na Mbajuni chini ya mkungu, hatua mia kutoka nyumbani kwa mwenye chombo. Si kwamba alinidanganya. Neno "la Lamu" lilikuwa sifa ya jahazi, kama unavyosema halua ya Kimaskati wakati imepikwa Darajani.

Utaambiwa pia kuhusu maabara. Vijana mnapenda maabara. Kuna kipimo cha kaboni 14, cha kukadiria umri wa mti, na kwa swali lako kina manufaa ya namna moja tu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni hiyo hewani dunia nzima, kwa hiyo mti uliokuwa hai baada ya hapo umebeba alama yake katika tabaka zilizoota miaka hiyo. Ikiwa kipande cha mkuku kina alama hiyo, basi mti ulikuwa bado umesimama msituni miaka ambayo baba yako anasema jahazi lilikuwa tayari linakata maji, na habari ya miaka 90 imekwisha. Ikiwa hakina, bado hujashinda: mbambakofi huishi muda mrefu sana, na kiini cha mti kinaweza kuwa cha zamani hata kama umekatwa jana. Ni kanuni ile ile ya misumari. Tena kipimo chenyewe ni cha kupeleka nje, na bei yake itakununulia pamba na mafuta ya msimu mzima. Mimi nisingekifanya.

Njia ya pili ni watu, na ninaipenda zaidi, ingawa inahitaji subira. Kosa kubwa ni kumwendea mzee na kumwuliza mwaka. Mzee mwenye adabu hatakuacha uondoke mikono mitupu. Atakutafutia mwaka, na utakuwa mwaka wa kukuridhisha wewe. Usimwulize mwaka. Mwulize walikuwa wamebeba nini. Mwulize nahodha alikuwa nani na serahangi, msimamizi wa mabaharia, nani, walipakua wapi, walilala wapi kusi ilipowafunga. Mtu husahau tarehe lakini hasahau harufu ya shehena. Aliyebeba papa mkavu kutoka Benadiri, pwani ya Somalia, atakuambia harufu ile haikumtoka nguoni mpaka alipoitupa nguo.

Kisha uzioanishe habari hizo na mambo ambayo miaka yake inajulikana. Wazee wetu wana vigingi vyao, nawe tumia vigingi hivyo hivyo. Jahazi lilinunuliwa kwa rupia au kwa shilingi? Zanzibar iliacha rupia na kuingia shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Miaka 90 inakuleta karibu kabisa na mpaka huo, kwa hiyo kwako ni swali la dhahabu. Lakini angalia: Lamu iko Kenya, na huko rupia iliondoka mapema zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikiwa hadithi ya familia inasema lililipiwa Lamu kwa rupia, ama jahazi ni la kale zaidi ya anavyodai baba, ama lilinunuliwa Unguja, ama ulimi wa msimulizi haukuwahi kuiacha rupia. Ndimi huchelewa.

Vigingi vingine: kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952, ambacho wazee wa kusini hawakisahau. Mapinduzi ya 1964, ambayo baada yake vyombo vya Ghuba vilivyokuwa vikija na kaskazi vilipungua sana bandarini Unguja. Shilingi ya Afrika Mashariki kugawanyika kuwa ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda, 1966. Marufuku ya Kenya ya kusafirisha boriti za mikoko nje, 1982, ambayo iliyakata miguu majahazi mengi ya Lamu na mengine yakauzwa. Inafaa umwulize baba kama babu hakununua wakati huo, kwa bei ya hasara ya mwenzake. Na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo hata wewe labda unaikumbuka, maji yalipokuwa yakitoka na kurudi bila kufuata mwezi.

Na usiwaulize wanaume peke yao. Nimewahi kukaa siku mbili na manahodha watatu wanabishana chombo kiliundwa mwaka gani, kila mmoja na wake. Bibi mmoja aliyekuwa anasokota kamba za makumbi pale kibarazani akatuacha tubishane mpaka tukachoka. Halafu akasema: mwanangu wa pili nilimzaa chombo kikiwa bado juu ya magogo, baba yake alikuwa anakuja kula mikono ina vumbi la msumeno. Mtoto yule alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Mjadala ukafungwa. Wanawake wa pwani wanahesabu safari za waume zao kwa mimba na kwa arubaini, na hesabu hiyo ina karatasi hospitali.

Njia ya tatu ni karatasi. Watu wanadhani majahazi hayakuwa na karatasi. Yalikuwa nazo, tena wakati mwingine nyingi kupita kiasi, na asili yake ni biashara ya watumwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyataka mataifa yenye mamlaka huku kwetu yavipe vyombo vya wenyeji ruhusa ya bendera kwa maandishi, na vibebe orodha ya mabaharia na ya abiria, ili doria za kuzuia watumwa ziweze kuvikagua. Manahodha hawakuwa wajinga. Wengi wa Sur, Oman, walichukua bendera ya Ufaransa, kwa kuwa Mfaransa hakumruhusu Mwingereza apekue vyombo vyake. Uingereza na Ufaransa waligombana juu ya jambo hilo mpaka wakafika mahakama ya usuluhishi The Hague, na hukumu ikatolewa Agosti 1905. Fikiri: majahazi kama hilo lenu, yenye tanga moja na jiko la sanduku la mchanga, yaliyapeleka mataifa mawili makubwa mahakamani.

Jahazi lenu si la zama hizo, lakini desturi ya leseni na usajili iliendelea. Nenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar na namba ya usajili ya sasa, uombe waangalie majalada ya nyuma. Nenda na Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Huko kuna hati nyingi za mauziano, nyingine kwa Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa hiyo mtafute mtu wa kukusomea. Na kabla ya yote fungua sanduku la babu. Hati ya kuuziana chombo mara nyingi haikai kwenye kabati la serikali. Inakaa ndani ya msahafu, au kwenye bati la biskuti pamoja na picha za hija.

Kuna mtego mmoja: majina. Chombo kikiuzwa, mwenye kununua mara nyingi hukipa jina jipya, au huliacha na kuongeza neno. Na majina yanajirudia. Ukitafuta "Tawakal" kwenye daftari la bandari utapata kumi. Kwa hiyo usitafute jina tupu. Tafuta jina pamoja na mwenye chombo, nahodha, urefu na tani. Halafu chunguza ubao wa jina kwenye shetri, nyuma ya chombo, wakati wa jua la jioni, mwanga ukiwa unatoka upande. Herufi zilizochongwa zamani huonyesha kivuli chake hata chini ya tabaka tano za rangi. Usiibandue rangi. Piga picha kivuli.

Tena usiuamini sana ubao huo wa shetri, na hili nimelipia. Nilipokuwa kijana niliandika kwa uhakika mkubwa kwamba mashua moja ilikuwa ya miaka ya 1920, kwa sababu shetri yake ilikuwa na nakshi za namna ambayo nilijua haifanywi tena. Nikajivunia. Miaka kadhaa baadaye, fundi aliyeijenga, mtu wa makamo tu, akanieleza kwa upole mbele ya watu kwamba ubao ule aliuokota kwenye jahazi lililovunjika, akaupachika kwa kuwa ulikuwa mzuri na haukumgharimu kitu. Mashua ilikuwa imenizidi mimi miaka miwili. Tangu siku ile kila nikiona pambo natafuta kwanza kama matundu yake ya misumari yanalingana na mbao zilizo nyuma yake.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike: kama mbao zote zimebadilishwa, bado ni jahazi la babu?

Mimi nasema ndiyo, na sababu yangu ni ya kifundi kuliko ya moyo. Ubao wa jahazi haubadilishwi kwa kupima namba. Fundi anautoa ule uliooza, anauweka ule mpya mahali pake, anauchonga mpaka ukubali mwinamo wa jirani zake wa juu na wa chini. Mwaka unaofuata au baada ya miaka mitano, jirani naye anatolewa, na ubao mpya wa jana ndio unaomfunza umbo ubao mpya wa leo. Kwa hiyo umbo alilolikata fundi wa kwanza kwa jicho lake linarithiwa ubao kwa ubao. Mbao alizozishika zimeoza zote, na jicho lake bado limo mle ndani. Kinachovunja mnyororo huo ni kubadilisha mkuku na mataruma na mbao kwa mara moja. Hapo mmejenga jahazi jipya mkalipa jina la marehemu, na hakuna ubaya, lakini semeni hivyo. Kwa hiyo mimi kwenye kila chombo huuliza: mkuku ni ule ule? Na kama mkuku ulibadilishwa, je, ubavu ulikuwa umesimama wakati huo?

Kuna na jambo la kazi. Jahazi huishi kwa kufanya kazi. Likikaa juu mchangani miezi, mbao zinakauka, zinajikunja, pamba inadondoka kwenye maungo, na mvua, ambayo ni maji matamu, inaozesha kuliko chumvi. Jahazi linalosafiri linalowa, linavimba, linajifunga. Na kwa kuwa linasafiri, mtu analazimika kulipandisha kila baada ya muda, kulipasha moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kulikalafati, kulipaka deheni ya shahamu na chokaa chini na sifa, mafuta ya papa, juu. Lenu limefika leo kwa sababu halikupumzishwa. Utazame mtepe, chombo cha kale. Ule ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ulitembea pwani hii karne nyingi, na Wagiriki waliandika habari za vyombo vya kushonwa vya pwani yetu karibu miaka elfu mbili iliyopita. Kazi ilipouishia katika miaka ya 1930, ukaisha. Mwaka 2003 mafundi walianza kujenga mfano wake kamili, *Shungwaya*, ukawekwa Beit el Ajaib, jengo la makumbusho pale Mji Mkongwe. Na jengo hilo lenyewe sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Siyo kwamba napinga makumbusho, nimefanya kazi nayo. Ila sijaona makumbusho inayotunza chombo kama nahodha anayeogopa kuzama.

Kuhusu mtu wa hoteli, mwulize jambo moja kabla ya bei: linakwenda majini au nchi kavu? Akitaka kuwapeleka wageni kutazama jua likizama, bado ni chombo. Akitaka baa ya bustanini, au meza na vitanda vya "mbao za jahazi", ambavyo vina soko kubwa Mjini siku hizi, basi unauza kuni za bei kali. Uamuzi ni wenu kama familia, ila muamue mkijua.

Na historia utakayomwandikia isiwe na mwaka msioweza kuusimamia. Usiandike "limejengwa Lamu 1935". Andika kitu kama hiki: "Jahazi la umbo la Kilamu. Kwa maelezo ya familia lilinunuliwa na fulani kutoka kwa fulani, kwa shilingi. Lilibeba boriti na chokaa, baadaye mchanga. Mkuku wa mbambakofi, una safu kadhaa za matundu ya mataruma ya awali. Mbao za ubavuni za mwembe, zimebadilishwa katika matengenezo ya miaka hii na hii, na fundi fulani." Mnunuzi mjinga ataona ni maelezo makavu. Mnunuzi mjuzi ataongeza bei, kwa sababu kila sentensi anaweza kuinama akaikagua mwenyewe.

Mkiamua kubaki nalo, ninalo ombi. Fundi akitoa ubao safari hii, usiuache uende jikoni wote. Kata kipande cha shibiri moja chenye tundu la msumari, andika kwa kalamu ya wino usiofutika kimetoka upande gani, ubao wa ngapi kutoka mkukuni, na tarehe. Kitundike darini. Mwambie na fundi achonge mwaka, tarakimu nne tu, upande wa ndani wa kila taruma jipya. Atacheka tena, mlipe soda.

Bamvua linalokuja ingia ngamani. Ukishapiga mswaki, nipigie picha mahali mkuku unapokutana na gubeti, tochi ikiwa imelazwa pembeni siyo mbele, na uweke shilingi pale ili nijue ukubwa. Nataka kuona hayo matundu.